Kujifunza kutabiri hali ya hewa kwa ajili ya glaida katika nyanda za juu za Kenya

Mtu asikilizaye utabiri wa jioni hutaka kujua kama kesho abebe mwavuli. Rubani wa glaida, yaani ndege isiyo na injini ambayo huvutwa hadi angani kwa winchi au kwa ndege nyingine na kisha kuachiwa ijitafutie riziki yake hewani, ana maswali mengine kabisa. Anataka kujua hewa itaanza kupanda saa ngapi, itapanda hadi kimo gani, itapanda kwa nguvu kiasi gani, na ni kitu gani kitakachoifunga siku: jua kushuka, mawingu kutanda, au ngurumo. Utabiri wa redio haujibu hata moja kati ya hayo, kwa hiyo rubani hulazimika kujifunza kujitabiria mwenyewe, na jambo hilo linawezekana bila shahada ya chuo kikuu, mradi awe tayari kuandika tarakimu kila asubuhi na kuzikagua kila jioni.

Nitalieleza somo hili kwa kutumia mahali pamoja, nalo ni Mweiga karibu na Nyeri, ambako klabu ya glaida ya Kenya imekuwa ikiruka, kati ya safu ya Aberdare upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki. Uwanja uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na haujafika hata nusu digrii kusini mwa ikweta. Hali hizo mbili, mwinuko na ikweta, ndizo zinazowapoteza wanafunzi wengi, kwa sababu vitabu vya somo hili vimeandikwa zaidi na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga zao, na msomaji wa huku asipokuwa mwangalifu hubeba kanuni zao hadi mahali ambapo hazifai.

Hewa hupandaje

Jua halipashi hewa joto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Hupasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa iliyo juu yake. Shamba kavu lililolimwa, mwamba, au mbuga ya majani makavu hupata joto haraka kuliko msitu au shamba lililolowa, na hewa ya hapo ikishakuwa nyepesi kuliko jirani zake huachia na kupanda kama povu linaloinuka kutoka chini ya sufuria. Mkondo huo ndio marubani wanaouita themali. Ukiwahi kuona kisulisuli kikizoa vumbi mchana wa Januari katika tambarare za Laikipia, umeiona themali miguuni pake. Na ukiona tai au korongo wakizunguka angani bila kupiga mbawa, umeiona kifuani.

Hewa inayopanda bila kufanya wingu hupoa kwa nyuzi 9.8 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, ambayo kwa kazi ya kawaida tunaweza kuihesabu kuwa nyuzi moja kwa kila mita 100. Kiwango hicho hakibadiliki. Ni sheria ya fizikia, na ni kilekile Nyeri na Berlin. Kinachobadilika kila siku ni joto la hewa iliyotulia ambamo themali inapita. Maadamu hewa inayopanda ni ya joto kuliko ile inayoizunguka, itaendelea kupanda. Zikilingana, safari imekwisha. Utabiri wote wa glaida, hata ule unaofanywa na kompyuta kubwa, unazunguka ulinganisho huo mmoja.

Usiku ulio wazi ardhi hupoteza joto, na hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko ile ya juu. Alfajiri, kwa hiyo, unakuta tabaka ambalo ndani yake joto huongezeka kadiri unavyopanda badala ya kupungua. Hapa nitaliita kifuniko. Ndilo linaloushikilia moshi wa jikoni ukatanda juu ya mabonde ya Nyeri asubuhi na kukataa kwenda juu, na ndilo litakaloamua siku yako ianze saa ngapi.

Hesabu ya asubuhi moja

Tuchukue mfano wa siku ya kiangazi cha Januari. Alfajiri uwanjani joto ni nyuzi 11. Mchoro wa hewa ya juu, yaani ule unaoonyesha joto la hewa kwa kila kimo na ambao nitaeleza baadaye unapatikana wapi, unaonyesha kwamba kilele cha kifuniko kiko mita 500 juu ya uwanja, na joto la hapo ni nyuzi 16. Ili themali ikipenye kifuniko hicho, ni lazima ifike pale ikiwa na angalau nyuzi 16, na kwa kuwa itapoteza nyuzi tano njiani, ni lazima iondoke ardhini ikiwa na nyuzi 21. Hiyo ndiyo nyuzi ya kuanzia. Kabla kipimajoto hakijaifikia utapata vijithemali vidogo vya kukuchezea tu, na ukivutwa angani mapema utarudi chini baada ya dakika kumi na mbili, umelipia mvuto mzima. Kama saa tatu asubuhi joto ni nyuzi 17 na linapanda kwa takriban nyuzi mbili kila saa, jiandae kwa saa tano.

Swali la pili ni kimo cha kitako cha mawingu. Hapa unahitaji kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoozwa hadi kulifikia huanza kutoa matone. Hewa inapopanda, joto lake hushuka kwa nyuzi moja kila mita 100, lakini kiwango chake cha umande nacho hushuka kidogo, karibu sehemu mbili za kumi za nyuzi. Pengo kati yao, kwa hiyo, hufungwa kwa sehemu nane za kumi kila mita 100, na ndipo ilipotoka kanuni ambayo kila rubani anaijua kwa moyo: toa kiwango cha umande kwenye joto la ardhini, zidisha kwa 125, na utapata kitako cha wingu kwa mita juu ya uwanja. Wanaotumia futi huzidisha kwa 400.

Katika mfano wetu, joto la juu kabisa la mchana linatarajiwa kuwa nyuzi 26 na kiwango cha umande ni 11. Tofauti ni 15, na 15 mara 125 ni 1,875. Ukiongeza mwinuko wa uwanja unapata karibu mita 3,775 juu ya usawa wa bahari. Tarakimu hiyo inakuambia jambo ambalo mgeni hawezi kulikisia: kilele cha juu cha Aberdare, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001, hivyo mchana huo vilele vitakuwa vimezama ndani ya mawingu, na huwezi kuivuka safu hiyo juu ya vilele vyake kwa kuona. Ukitaka safari ndefu, elekea kaskazini kwenye nyanda kavu za Solio na Laikipia.

Tahadhari mbili juu ya hesabu hiyo. Kwanza, kiwango cha umande cha asubuhi mara nyingi ni kikubwa kuliko cha mchana, kwa kuwa themali zikishaanza huchanganya unyevu wa chini na hewa kavu ya juu. Kikishuka kutoka 11 hadi 9, kitako kitapanda mita 250 zaidi. Pili, hesabu ya kitako haisemi kama themali itafika huko. Ijaribu: ikiondoka Mweiga ikiwa na nyuzi 26, kwenye kimo cha mita 3,150 itakuwa imebaki na nyuzi 13 na nusu. Kama mchoro wa hewa ya juu unasema hewa ya pale ina nyuzi 12, bado inapanda. Kama unasema 15, themali imesimama kabla ya hapo, na utapata siku ya anga tupu la buluu, ambayo si mbaya, ila utazitafuta themali bila alama yoyote juu yake.

Wapi pa kuzipata tarakimu

Ripoti ya kwanza ya kujifunza kuisoma ni ya viwanja vya ndege, ile iitwayo METAR. Kwa mfano, HKNW 120600Z 07008KT 9999 FEW022 19/13 Q1024 inahusu Uwanja wa Wilson wa Nairobi, tarehe 12, saa 0600 za UTC, yaani saa za kimataifa. Upepo unatoka nyuzi 070 za dira kwa kasi ya noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa. Macho yanaona kilomita 10 au zaidi. Kuna mawingu machache yenye kitako cha futi 2,200 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 19 na kiwango cha umande ni 13. Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1024. Fanya mazoezi papo hapo: 19 toa 13 ni 6, mara 400 ni futi 2,400, karibu sawa na alichokiona mpimaji. Siku ambayo hesabu na macho vinapishana sana ndiyo siku ya kujiuliza kama mawingu yale yametokana na themali za pale au yameletwa na upepo kutoka mbali.

Saa za UTC huwasumbua wengi, lakini sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: ongeza tatu kwenye saa ya mchana. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa tisa alasiri ni 1200.

Kipimo cha hewa ya juu hufanywa kwa puto lenye vipima, na kituo cha Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ndicho kilicho jirani. Matokeo yake huchorwa katika mchoro uitwao Skew-T, ambao ndio mchoro wa hewa ya juu niliouahidi, nayo huweza kusomwa kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Wyoming. Puto la 0000 huruka saa tisa usiku, kwa hiyo linakuonyesha kifuniko kabla jua halijachomoza, jambo linalofaa sana kwa hesabu ya nyuzi ya kuanzia. Siku nyingine kipimo hakipatikani. Hapo tumia mchoro unaotengenezwa na kompyuta, kama ule utokeao katika Windy, programu ya hali ya hewa, ukibonyeza mahali unapopataka, lakini kumbuka kwamba kompyuta hizo huigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa. Mlima Kenya wenye mita 5,199 hugeuka kilima cha mviringo ndani yake, na uwanja wako unaweza kuwekwa mita mia mbili juu au chini ya pale ulipo. Angalia mwinuko ambao programu inauamini kabla hujaliamini joto lake.

Mambo ya vitabu ya kuyaacha uwanjani mwao

Kitabu cha Ulaya kitakuambia utazame upepo wa chati ya hektopaskali 850, yaani kimo ambako mgandamizo wa hewa ni kiasi hicho. Chati hiyo iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, yaani kwa mtu wa Mweiga iko mita mia nne chini ya ardhi. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya upepo huo. Wewe soma ya 700, ambayo iko karibu mita 3,100 na ndiko utakakoruka, na ya 500, karibu mita 5,800, kwa ajili ya kujua kama mawingu yatapata nafasi ya kurefuka.

Kitabu hicho hicho kitasema kwamba mgandamizo unaoshuka ni dalili ya hali mbaya. Kwetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji kujaa na kupwa: hufikia juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi jioni, kwa tofauti ya hektopaskali chache, iwe jua iwe mvua. Anayeutazama mchana atafikiri dhoruba inakuja kila siku. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, wala si asubuhi na alasiri.

Vivyo hivyo kuhusu miteremko. Huko kaskazini mteremko bora ni unaotazama kusini. Hapa jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo asubuhi tafuta miteremko inayotazama mashariki, na alasiri inayotazama magharibi. Ndiyo sababu ukuta wa Elgeyo kule Iten, unaotazama mashariki na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio, huwapendeza marubani wa paraglaida, yaani bawa la kitambaa ambalo rubani huning'inia chini yake: jua la asubuhi huupiga usoni, na upepo wa mashariki ukigonga hapo huwa hauna pa kwenda ila juu.

Majira na upepo

Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo bora kwa nyanda hizi, kwa kuwa hewa ni kavu na ardhi imekauka. Machi masika yakikaribia nguvu ya themali huwa kubwa, lakini unyevu nao unaongezeka, na siku inaweza kugeuka ngurumo kabla hujamaliza chakula cha mchana. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, miteremko ya mashariki ya Aberdare hufunikwa na blanketi la mawingu ya chini ambalo siku nyingine halifunguki kabisa. Swali la miezi hiyo si kimo cha themali. Ni kama jua litaigusa ardhi, na saa ngapi. Septemba ni wa katikati, na vuli hufuata.

Upepo hadi noti 10 hausumbui sana. Kati ya noti 15 na 20, kama haubadili mwelekeo kwa kimo na kuna kifuniko juu, mawingu yanaweza kujipanga mistari, na rubani akaenda kilomita nyingi bila kuzunguka hata mara moja. Ukizidi hapo themali hukatwakatwa karibu na ardhi. Tazama pia nyuma ya milima. Upepo wa noti 20 au zaidi unaoikata safu karibu kwa pembe mraba, unaoongezeka kwa kimo, katika hewa tulivu, hufanya mawimbi upande wa pili kama maji ya mto yanayopita juu ya jiwe. Wimbi kama hilo, juu ya milima ya Andes nchini Argentina, ndilo lililoipandisha glaida ya Perlan 2 zaidi ya mita 22,000 mwaka 2018. Mwanafunzi asilitafute: upande huohuo wa mlima huwa na hewa inayoshuka kwa kasi na misukosuko karibu na ardhi. Akiona wingu lenye umbo la dengu limesimama palepale ingawa upepo unavuma, ajue lililopo na akae mbali.

Kuifunga siku

Kosa la gharama kubwa ni kutabiri mwanzo vizuri na kuusahau mwisho. Mavundevunde, yale mawingu meupe yenye vitako vilivyonyooka, ni rafiki wa rubani maadamu ni mapana kuliko yalivyo marefu. Angalia katika mchoro wa hewa ya juu kama kuna kifuniko cha pili juu ya kitako cha mawingu. Kama kipo, mawingu yatagota na kubaki madogo, au yatatandaa na kuizimia ardhi jua. Kama hakipo, na hewa ina unyevu hadi mita 6,000, tarajia mawingu ya ngurumo na uandike saa ya kuwa chini kabla hujapanda. Chini ya wingu la namna hiyo hewa ya baridi humwagika na kukimbia mbele ya mvua, na upepo uwanjani unaweza kugeuka nyuzi 180 kwa dakika chache.

Mlima Kenya wenyewe ni saa nzuri. Vilele vyake kwa kawaida huwa wazi alfajiri na kufunikwa kadiri asubuhi inavyosogea. Vikifunikwa mapema, saa mbili hivi, unyevu ni mwingi na siku huenda ikajifunga mapema. Vikiwa bado vinaonekana saa sita, hewa ni kavu na kitako kitakuwa juu. Upande wa magharibi mwa nchi tabia ni nyingine, maana upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya Kericho na Nandi, na mvua ya alasiri, mara nyingi na mawe, si habari mpya huko. Anayeruka Iten kuelekea magharibi alasiri aukumbuke mkutano huo.

Daftari

Jioni ya kuamkia siku ya kuruka, andika makisio yako: nyuzi ya kuanzia na saa yake, joto la juu, kitako cha mawingu, upepo wa hektopaskali 700, kasi ya kupanda unayotarajia kwenye variometa (kipimo cha kupanda na kushuka kwa glaida), na saa ya kufunga. Asubuhi, saa tatu, sahihisha kwa tarakimu mpya bila kufuta za jana. Baada ya kutua, hata kama hukuruka wewe, jaza safu ya tatu kwa yaliyotokea, na waulize waliofika juu kitako walikikuta wapi, kwa sababu altimeta yao, yaani kipimo cha kimo, ni shahidi bora kuliko macho yako kutoka ardhini.

Usiandike maneno kama "siku nzuri". Andika mita na saa. Baada ya siku thelathini hivi utaanza kuona upande ambao makosa yako yanaegemea: pengine kitako chako huwa chini kwa mita 200 kila kaskazi kwa sababu hukushusha kiwango cha umande, au mwanzo wako huwahi kwa nusu saa kila baada ya usiku wa mvua, kwa kuwa ardhi iliyolowa hutumia jua la asubuhi kukausha maji kwanza. Marekebisho hayo yaandike kwenye jalada la ndani, ya kaskazi mbali na ya kusi, na uyaongeze kwenye hesabu ya asubuhi inayofuata.